Gari la Viti Viwili

Jumapili, 3 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha alasiri. Nilikuwa nimeanika nguo, nikazikimbilia, na huko uani nikamkuta mama mkwe amesimama mbele ya banda la gari, maji yanamtiririka usoni wala hajali. Hajawahi kulikaribia banda lile tangu mwanawe afariki. Hata mwanawe alipokuwa hai hakulipenda. Alikuwa akisema mwanamume mwenye akili zake hawezi kumaliza Jumapili zote amelala chini ya mke wa chuma.

"Hili linatembea?" akaniuliza.

"Lilikuwa linatembea, Mama."

"Basi litembeze. Unipeleke kwa mwanangu."

Nilidhani nimesikia vibaya. Mume wangu amezikwa ng'ambo ya mpaka, siku nyingi za barabara, mlima katikati. Alikwenda kule kujenga barabara. Mvua za mwaka jana ukingo wa mlima ukaporomoka, ukamfunika yeye na wenzake watatu. Njia zote zilikuwa zimefungwa, na tulipoambiwa, tuliambiwa kwa simu kwamba ameshazikwa. Hatukuona jeneza, hatukushika udongo.

"Mabasi yapo, Mama."

"Siendi kwa mwanangu kwa basi kama mtu anayefuata vitunguu. Nataka aone gari lake limekuja."

Niliingia ndani kukunja nguo.

Jumanne, 5 Machi

Amerudi tena. Amesema yale yale.

Ijumaa, 8 Machi

Mimi ni fundi wa miwani. Nakata vioo, nasaga kingo, nakaza skrubu ndogo kama mbegu ya mchicha. Leo nimepasua kioo cha mteja, na nilipochukua kingine nikakipasua nacho. Daktari wa macho, ambaye ndiye bosi wangu, akanivua koti la kazi kwa mikono yake. "Nenda likizo," akasema. "Hukwenda hata ulipofiwa."

Nimerudi nyumbani nimemkuta mama mkwe mlangoni. Nikamwambia, "Haya. Tutakwenda." Hakusema ahsante. Alisema, "Umechelewa."

Jumamosi, 16 Machi

Wiki nzima fundi gari, rafiki wa mume wangu, amekuwa akilihangaikia gari. Ametoa petroli iliyochacha, ameweka betri mpya, amesugua plagi. Ni gari la mbio la zamani, kuukuu kuliko mimi, la kijani, viti viwili tu, paa la turubai. Mume wangu aliliita Panzi kwa sababu ya rangi, na kwa sababu ukitia gia ya pili linaruka kabla ya kwenda. Yeye ndiye aliyenifundisha kuliendesha, na tulikaribia kuachana kwa ajili ya hiyo gia ya pili.

"Mvua ikiwa kali litakohoa," fundi ameniambia. "Likizima, fungua boneti, kausha hiki kikofia chenye nyaya. Maji yakiingia hapa, hata umwite nani, haliwaki."

Lilipounguruma nilikuwa jikoni. Miguu ilianza kunipeleka mlangoni kabla akili haijakumbuka kwamba mwenye kuliwasha hayupo.

Jumapili, 17 Machi

Tumeondoka. Mama Pacha, jirani wa ng'ambo ya barabara, alikuja kutuaga akakaa akimwangalia mama mkwe anavyoingia garini. Aliingia kinyumenyume kama mtu anayeketi ndani ya beseni. Alipofika chini, magoti yakawa karibu na kidevu.

"Nikusaidie nini, Mama?" nikauliza.

"Nisaidie kunyamaza."

Ana fuko moja la nguo analolipakata mapajani. Nilitaka kuliweka nyuma ya kiti, akanipiga mkono.

Njia nzima amesema sentensi moja: "Naona matumbo ya malori tu."

Jumatatu, 18 Machi

Mvua. Turubai linavuja upande wake. Nimemwambia avae kofia yangu, akakataa. Tone likimpiga begani, ananiangalia mimi, kana kwamba ndimi ninayenyesha.

Jumanne, 19 Machi

Tumevuka mpaka. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali, lakini afisa alitoka ofisini kuja kulitazama gari, akamwita mwenzake, naye akamwita wa tatu. Wakalizunguka wakilipapasa kama ndama wa maonyesho. Mmoja akaomba kupiga picha. Mama mkwe, ambaye tangu jana alikuwa amenuna, akaweka sawa kitambaa cha kichwa, akainua shingo.

Kwenye foleni palikuwa na dereva wa lori anayejua lugha yetu na ya huko. Mama mkwe akamwita dirishani. "Mwanangu, kwa lugha yao 'mwanangu' wanasemaje?" Yule dereva akamwambia. Akalirudia neno lile kimyakimya mpaka likakaa mdomoni. Kisha akawageukia maafisa, akapiga mlango wa gari kofi moja, akalisema.

Wakatabasamu wote. Mmoja akasema jambo, dereva akatutafsiria: "Anasema huyo kijana ana bahati."

Mama mkwe akaitikia kwa kichwa, tukaondoka. Mbele kidogo nikamtupia jicho. Alikuwa ameuma kitambaa.

Jumatano, 20 Machi

Mvua. "Mvua hii haina adabu," mama mkwe amesema. Huwa anaisema hivyo mvua yoyote inayomkuta njiani, tangu nimjue. Kila kituo cha mafuta watu wanalijia gari, na kila kituo yeye anapiga mlango kofi na kulisema neno lake. Leo mzee mmoja muuza mafuta amemletea kiti apumzike. Wamekaa pamoja, hawaelewani neno, wanaangalia gari.

Jioni, mezani kwenye nyumba ya wageni, bila kuniangalia:

"Ungemzuia asije huku."

"Nilimzuia, Mama. Hakuzuilika."

"Mwanamke mwenye mtoto huzuia."

Niliacha chakula nikaenda kulala. Miaka yote ya ndoa sindano hiyo amekuwa nayo, lakini sikudhani kwamba ameibeba mpaka huku.

Ijumaa, 22 Machi

Mlima. Nitaandika nitakavyoweza, vidole bado vimekufa ganzi.

Tulianza kupanda asubuhi mvua ikiwa nyepesi. Kadiri tulivyopanda ndivyo ilivyozidi, mpaka wipa zikawa zinasukuma maji bila kuyaondoa. Barabara ni nyembamba, upande mmoja ukuta wa udongo mwekundu, upande wa pili hakuna kitu. Nilijua ni barabara gani, na yeye alijua. Ni hii mume wangu aliyokuja kuijenga. Nilikuwa nikiangalia ukuta ule wa udongo kila kona na kujiuliza, ni hapa? Au ni hapa?

Kwenye kona kali Panzi akakohoa. Akakohoa tena, kisha kimya. Nikavuta breki ya mkono nikaisikia haishiki vizuri.

"Limekufa?" akauliza.

"Limelowa."

"Linahitaji nini?"

"Kitu kikavu, Mama. Na jiwe nyuma ya gurudumu. Gari linarudi."

Sijui alitokaje kwenye kiti kile. Mimi mwenyewe hutoka kwa kujivuta, lakini mwanamke huyu mwenye magoti ya kulia kama bawaba alikuwa nje kabla yangu, amekumbatia jiwe tumboni, analisukuma chini ya gurudumu. Nikafungua boneti. Leso yangu ilikuwa chapachapa, shati langu chapachapa. Nikabaki nimeshika kile kikofia chenye nyaya, maji yanakidondokea, sina la kufanya.

Akavua kitambaa chake cha kichwa. Sikuwahi kumwona bila kitambaa, hata msibani. Nywele zake ni nyeupe kabisa, chache, zimesukwa vijisuka vyembamba kama vya mtoto. Kitambaa cha juu kililowa, lakini chini yake alikuwa na kingine kidogo, kikavu, chenye joto la kichwa chake. Akanipa. Kisha akainama juu yangu, akatandaza mikono na lile gauni lake pana, akawa paa.

Nikakausha. Nikafuta kila waya. Alikuwa akipumua juu ya shingo yangu, anatetemeka.

"Alikufundisha yeye?" akauliza.

"Fundi alinieleza. Lakini yeye alikuwa akiongea mambo haya kila siku mezani. Nilidhani sisikilizi."

"Na mimi nilidhani ananichosha," akasema.

Liliwaka mara ya tatu. Tulipoingia ndani tulicheka, sijui tulicheka nini. Alicheka mpaka akashika mbavu, nywele zimemgandia, maji yanamchuruzika puani. Kisha kicheko kikageuka, na nikaendesha mpaka juu ya mlima na yeye analia kando yangu, mkono wake umeshika dashibodi kama mtu anayetuliza mnyama.

Jumamosi, 23 Machi

Tumepumzika kwenye nyumba ya wageni upande wa pili wa mlima, tukaanika vitu. Leo nimejua kilichomo kwenye fuko.

Nilikuwa nimetandaza nguo zake juu ya viti. Chini kabisa palikuwa na shuka jeupe, jipya, limekunjwa kwa mkunjo wa dukani. Nikauliza hilo la nini, maana nyumba za wageni zina mashuka.

"La kumfungia," akasema.

"Kumfungia nani?"

"Mwanangu. Nimekuja kumchukua. Atalala karibu na baba yake."

Nikakaa kitandani. Nikamweleza kwa upole kadiri nilivyoweza. Kwamba ni mwaka sasa. Kwamba kuna sheria, kuna vibali, kuna mambo ya mwili ambayo yeye hataki kuyaona na mimi siwezi kuyaona. Akanisikiliza mpaka mwisho kama mtu anayesubiri watoto wamalize kuimba. Basi nikakasirika.

"Na utambeba wapi, Mama? Gari lina viti viwili!"

"Nimelifikiria hilo," akasema. "Atakaa kwenye kiti changu. Wewe utamrudisha nyumbani. Mimi nitashuka, nitatafuta njia yangu."

Alisema hivyo taratibu, mikono imelala juu ya shuka. Ameyapanga yote haya huko nyumbani, peke yake, mbele ya banda, mvua inampiga. Nikatoka nje nikasimama chini ya ukingo wa paa mpaka nikahisi baridi.

Jumapili, 24 Machi

Hatujasemezana.

Jumatatu, 25 Machi

Tumefika. Ni mji mdogo umebandikwa kwenye mteremko, mitaa yake ngazi tupu. Panzi tumemwacha chini karibu na karakana ya kampuni ya barabara. Msimamizi aliyekuwa akifanya kazi na mume wangu alitoka kutupokea. Ndiye aliyenipigia simu mwaka jana, na nilimtambua kwa sauti kabla hajasema jina langu. Akatupandisha mpaka kwenye nyumba ambayo mume wangu alikuwa amepanga chumba.

Tuligonga mvua ikimwagika. Mlango ukafunguliwa na bibi mmoja mfupi, mgongo umepinda, koleo la jikoni mkononi. Akatutazama tulivyolowa, akatikisa kichwa, akasema kwa lugha yetu, kwa lafudhi ya kule:

"Mvua hii hana adabu! Ingia, ingia, kabla hajabadilisha mawazo!"

Mama mkwe akaganda kwenye ngazi. Nami nikashika ukingo wa mlango. Ile ya kwanza ni kauli ya mama mkwe, mwanawe aliinyonya kwake pamoja na maziwa. Ile ya pili, "kabla hajabadilisha mawazo", ni ya mume wangu mwenyewe. Alikuwa akinifungulia mlango kwa maneno hayo kila nikitoka kazini, na alikuwa akiyavuta vile vile mwishoni, kama mtu anayetaka kupiga chafya.

"Nani kakufundisha kusema hivyo?" mama mkwe akauliza.

Mwenye nyumba akaelekeza koleo juu, kwenye dari. "Mwana wa chumba cha juu. Jioni zote anafundisha mimi. Mimi nafundisha yeye. Yeye mwanafunzi mbaya!" Akacheka. Kisha akatuangalia vizuri, mmoja baada ya mwingine, na kicheko kikamtoka usoni. Akaweka koleo chini. "Wewe mama," akamwambia mama mkwe. Na kwangu: "Wewe ndiye Miwani."

Ndivyo mume wangu alivyokuwa akiniita. Miwani. Hakuna mtu mwingine duniani aliyejua. Nililia pale pale mlangoni, mvua mgongoni, na yule bibi nisiyemjua akanivuta ndani kwa mkono kama mtoto.

Jumanne, 26 Machi

Makaburi yako juu ya mji, nyuma ya shule. Mwenye nyumba alitutangulia na jembe begani. Nikamwuliza jembe la nini. "Utaona."

Wako wanne, mstari mmoja. Wa tatu ndiye wetu. Ubao wenye jina lake umeandikwa vizuri, herufi moja tu wamekosea. Chini ya miguu yao kuna ukuta wa mawe unaozuia udongo usiteremke, maana mteremko ni mkali, na juu ya vichwa vyao kuna mfereji wa kupitisha maji. Mfereji ulikuwa umejaa matope. Bibi yule hakungoja. Akaanza kuuzibua, magoti yanamlia, kila jembe moja na guno moja.

"Kila mvua?" mama mkwe akamwuliza.

"Kila mvua. Mimi siachi. Maji akipita hapa, anabeba wote."

Alikuja mlinzi wa makaburi. Mama mkwe akamweleza alichokuja kufanya, mwenye nyumba akatafsiri kwa shida, na alipofahamu anatafsiri nini akasita, akaniangalia, kisha akamalizia. Mlinzi hakubisha. Alituonyesha ukuta kwa mkono. Ulijengwa siku moja kwa wote wanne, akasema, na umeshikana. Akitolewa mmoja, hasa msimu huu, udongo utashuka na wenzake.

Mama mkwe akapita mbele ya vibao, akigusa kila kimoja kwa juu.

"Hawa nao wana mama?" akauliza.

Mwenye nyumba akasema wanao. Wa kwanza mama yake anakaa mji wa chini, huja. Wa pili na wa nne wametoka mbali. Hakuna aliyewahi kuja.

Mimi nilikuwa nimechuchumaa, mkono juu ya udongo, nikijaribu kumwambia mume wangu kitu, na kila kilichonijia kilikuwa cha ovyo: kwamba breki ya mkono inahitaji kukazwa, kwamba gia ya pili bado inaruka. Nikamwambia hivyo hivyo.

Nilipoinua macho, mama mkwe alikuwa amemnyang'anya mwenzake jembe, yuko ndani ya mfereji, gauni amelikunja kiunoni, analima.

Alhamisi, 28 Machi

Mvua. Njia ya mlimani imefungwa na matope. Tunasubiri.

Jumatatu, 1 Aprili

Mvua. Mama mkwe na mwenye nyumba wamekwenda mferejini alfajiri, wamerudi wamelowa wakigombana kwa lugha mbili nani aliyechimba zaidi.

Ijumaa, 5 Aprili

Mimi nalala chumba cha chini. Yeye amehamia chumba cha juu, kile cha mwanawe. Leo nimepanda kumpelekea chai, nimekuta ametandika kitanda kwa lile shuka jeupe. Aliona ninaliangalia.

"Shuka ni shuka," akasema. "Nipe chai."

Jumanne, 9 Aprili

Msimamizi ametueleza ilivyokuwa. Nilitaka kusikia na sikutaka. Wale watatu walikuwa chini ya ukingo, mume wangu alikuwa juu, mahali salama. Aliona udongo unaanza kupasuka, akashuka mbio akipiga kelele watoke. Wengine kumi na kitu walitoka. Wale watatu walikuwa ndani zaidi, akawafuata.

Mama mkwe akauliza, "Alipiga kelele kwa lugha gani?"

Msimamizi hakutegemea swali hilo. "Yao na yenu," akasema. "Zote mbili, kwa pamoja."

"Nilimzaa mwenye mdomo," akasema mama mkwe, akatoka nje. Nilimkuta ameketi kwenye ngazi. Nikakaa kando yake, akaegemeza bega lake kwangu mpaka tulipoitwa kula. Nilimchukia mume wangu jioni ile kwa kushuka. Nadhani mama yake naye alimchukia, na pia angempiga kama asingeshuka.

Jumamosi, 20 Aprili

Mvua kidogo.

Jumapili, 28 Aprili

Jua, siku nzima. Wanasema njia itafunguliwa wiki ijayo. Nimekwenda kumwasha Panzi karakanani. Vijana wa barabara walikuwa wamemfunika kwa nailoni na wamekaza breki ya mkono bila kuambiwa.

Nimefurahi kwamba tunarudi. Nimeshaanza kupanga: nyumba yake aipangishe, ahamie kwangu, chumba cha mbele kina jua. Atanisema kutwa. Na aseme.

Jumatano, 1 Mei

Nimemwambia mipango yangu. Alikuwa anachambua mboga na mwenzake mezani. Akasema jambo kwa lugha ya huko, maneno mawili matatu aliyookota, na mwenye nyumba akainuka akatoka, akafunga mlango. Ndipo nilipoogopa.

"Mimi sirudi," akasema.

Nikadhani anatania.

"Yule bibi magoti yamekwisha. Mwakani hataweza kupanda. Nani atazibua mfereji?"

"Tutamlipa mtu, Mama. Mlinzi yupo."

"Mlinzi atazibua mvua ikikatika. Wa kuamka wakati inanyesha ni mama." Akavunja kishina cha mboga. "Na wale wawili hawana mtu. Nimeshawaambia nitakuwa mama yao pia."

"Hujui lugha. Una miaka sabini na kitu. Una nyumba yako kule."

"Nina kuta kule. Humu ndani kuna mtu anayeongea kama mwanangu. Kila asubuhi anaponiamkia namsikia yeye. Anakosea kosea, lakini ni yeye. Unajua nilishaanza kuisahau sauti yake? Sikumwambia mtu. Nilikuwa nakaa kitandani naitafuta, haiji."

Nikamwambia, "Na mimi je?"

Nilikusudia kusema jambo lingine, la busara. Hilo ndilo lililotoka, na lilitoka kama la mtoto aliyeachwa sokoni.

Aliweka kisu chini. "Wewe bado kijana. Nikirudi utanilea mpaka nife, na siku utakayomaliza kunizika utakuta umekuwa mimi. Mwanangu amekuacha mjane. Mimi sitakuoa."

Nilitaka kucheka na sikuweza.

"Umenichosha miaka yote, Mama," nikasema. "Sasa nimekuzoea ndiyo unabaki."

"Ndiyo," akasema. "Nami nimekuzoea. Tulichelewa. Chambua hizo mboga, usiku unaingia."

Jumamosi, 4 Mei

Nimemwomba mara mbili zaidi. Msimamizi amesema atamshughulikia karatasi za kukaa. Kila mtu amekubali isipokuwa mimi.

Jumapili, 5 Mei

Tumepanda makaburini wote watatu asubuhi. Ardhi imeanza kukauka. Niliaga. Kisha tukashuka ngazi mpaka karakanani, taratibu, kwa ajili ya magoti ya mwenye nyumba.

Mama mkwe alilizunguka gari, akafungua mlango wa upande wake, nikadhani amebadili mawazo. Alikuwa anatafuta pini yake ya nywele. Akaipata chini ya kiti, akaichomeka.

"Kila jambo lina mwisho," akasema. "Endesha polepole. Ukiolewa, uolewe na mtu asiyependa magari."

Nikamkumbatia. Ni mdogo sana mtu akimshika. Alinuka moshi na udongo. Mimi ndiye niliyemwachia kwanza, maana yeye hakuniachia.

Jumanne, 7 Mei

Nimevuka mlima. Jua. Kuta za udongo zimeota majani.

Alhamisi, 9 Mei

Mpakani afisa akaangalia karatasi, akaangalia gari. Wakati wa kuja mlikuwa wawili, akasema kwa ishara, vidole viwili. Nikamwonyesha mlima nyuma yangu. Nikalisema lile neno lao, "mwanangu", kwa kuwa ndilo pekee nililolijua, na halikuwa sahihi. Akagonga muhuri taratibu, akanifungulia kizuizi mwenyewe.

Jumamosi, 11 Mei

Nimefika alasiri. Barabara yetu imekauka, watoto wanacheza mpira. Mama Pacha alikuwa anafagia mbele ya nyumba yake. Aliposikia Panzi aliinua kichwa akapunga fagio, akaja mbio akicheka. Kisha akaona kiti cha pili.

Alitupa fagio akashika kichwa kwa mikono miwili. "Uwiii! Mama wa watu! Uwiii, jamani, tokeni!" Milango ikafunguliwa. Wakaanza kutoka, mwanamke mmoja akafungua kinywa naye, wanaume wakavua kofia.

"Nyamaza, Mama Pacha," nikasema. "Hajafa. Mzima. Mzima kuliko mimi."

"Sasa yuko wapi?"

Nikafungua kinywa nimweleze. Nilitaka kumwambia habari za mfereji, na za bibi anayeongea kama mtu wetu, na za wale watoto wa watu wasio na mtu. Nilikuwa bado nimeshika usukani, injini bado inanguruma, na nililia kwa mwanamke aliye hai jinsi nisivyowahi kumlilia maiti. Mama Pacha akanyoosha mkono akazima gari.